Hakuna Kisiwa Kitupu

Katika vitabu vya jiografia, na katika ramani zenye maelezo, yamo maneno mawili ambayo mwandishi huyaandika upesi na msomaji huyapita upesi zaidi. Maneno hayo ni "kisiwa kisichokaliwa." Hutanguliwa na jina la mahali, na hufuatwa na tarakimu chache za urefu, upana na kimo cha kilima, kisha kitabu hugeuza uso na kwenda zake kwenye kisiwa kingine. Wanafunzi wetu huyanakili, wafasiri wetu huyahamisha kutoka lugha moja hadi nyingine bila ya kuyatia mizani, na walimu wetu huyapitisha kwa alama ya kukubali. Mimi siyakubali. Nasema kuwa maneno haya mawili, yaandikwapo pekee bila ya maelezo, si habari bali ni hukumu. Na hukumu hiyo imepata kutumiwa mfano wa hati ya ruhusa, ya kutenda jambo ambalo mahali pengine lisingethubutiwa kutendwa.

Dai kama hili halifai kutolewa kwa maneno ya jumla. Nitalisimamisha juu ya kisiwa kimoja kidogo cha Uskoti kiitwacho Gruinard, ambacho ni mbali na bahari yetu na hakina udugu nasi wala deni kwetu. Nimekichagua kwa sababu hiyo hasa. Mtu apimapo kosa nyumbani kwake aghalabu mkono wake hutetemeka. Apimapo kwa jirani wa mbali mizani hutulia.

Kwanza mahali penyewe. Kisiwa cha Gruinard kimo katika ghuba yenye jina hilo hilo, katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Uskoti, kati ya Gairloch na Ullapool. Urefu wake ni kama kilometa 2 na upana wake kama kilometa 1. Eneo lake ni hektari 196. Kilima chake kirefu huitwa An Eilid, jina ambalo katika lugha ya Kigaeli maana yake ni kulungu jike, na kimo chake ni mita 106 juu ya bahari. Ardhi ni ya mboji nyeusi na mawe, yenye nyasi ngumu na vichaka vifupi, mti hakuna. Mkono wa bahari ukitengao na bara hauzidi sana upana wa kilometa 1, hata mtu apitaye njia ya pwani hukiona chote, mwanzo hadi mwisho, bila ya msaada wa darubini. Msomaji na alitie akilini jambo hili la mwisho, kwa kuwa tutalihitaji mbele. Kisiwa hiki hakimo katika upweke wa bahari kuu. Kimo mbele ya macho ya watu.

Sasa jina. Wenye elimu ya majina hulirudisha kwa mabaharia wa Skandinavia waliotawala pwani zile karne nyingi zilizopita, na hulifasiri kuwa ni ghuba ya maji haba. Wagaeli walilipokea jina hilo wakalitia katika matamshi yao, nao hukiita kisiwa Eilean Ghruinneard. Hivyo kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza wa tarehe twaona ya kuwa lugha mbili zimepita hapa, moja ikairithi nyingine. Mahali pasipo watu hapapewi jina mara mbili. Jina ni nyayo za ulimi, na nyayo hazijikanyagi zenyewe.

Tarehe iliyoandikwa yathibitisha yale yasemwayo na jina. Katikati ya karne ya 16 kasisi mmoja, Donald Monro, alisafiri katika visiwa vya magharibi ya Uskoti na kuandika habari za kila kisiwa alichokijua. Juu ya Gruinard alisema mambo matatu: kwamba kilikuwa milki ya ukoo wa MacKenzie, kwamba kilijaa miti, na kwamba kilifaa kwa maficho ya wezi na waasi. Mambo matatu hayo ni machache, lakini kila moja ni jiwe katika koo la msemaji wa "kisiwa kitupu." Palikuwa na mwenyewe, palikuwa na msitu, na palikuwa na watu, ingawa walikuwa watu ambao sheria haikuwapenda. Leo msitu haupo, na kutokuwapo kwake peke yake ni habari ya miaka mingi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1881 kisiwa kilikuwa na wakazi sita. Tangu miaka ya 1920 hakijawa na mkazi.

Najua yuko atakayecheka idadi ya sita. Na acheke, ila acheke kwa haki. Watu sita si mji, na hawatoshi kujaza safu mbili za darasa. Lakini baina ya sita na sufuri upo umbali ambao hesabu haiwezi kuupima kwa kutoa tu. Penye sita pana moto uwashwao jioni na mlango ufungwao usiku. Penye sufuri hapana kitu cha kufunga. Mwandishi asemaye "kisichokaliwa" huichukua sufuri ya leo akairudisha nyuma juu ya sita wa jana, na juu ya wezi na waasi wa juzi, mpaka ikawa kama kwamba hapakuwa na yeyote tangu kuumbwa kwa dunia.

Wala Gruinard si pekee. Pwani ya magharibi ya Uskoti imejaa visiwa vilivyoingia katika daftari hili la sufuri kila kimoja kwa mlango wake. Mingulay kilihamwa mwaka 1912. Watu wa St Kilda, 36 waliosalia, waliondoka tarehe 29 Agosti 1930 katika manowari Harebell, baada ya wao wenyewe kuiandikia serikali kuomba wahamishwe, kwa kuwa walikuwa wamebaki wachache mno kuweza kuyakabili maisha yale. Na katika karne za 18 na 19 nyanda za juu za Uskoti na visiwa vyake viliona mabonde mazima yakiondolewa wapangaji, mara nyingine kwa nguvu na moto, ili wenye ardhi wapate kulisha kondoo. Mmoja amehama kwa kuchoka, mwingine kwa kufukuzwa, mwingine kwa kufuata kazi mjini. Lakini ramani huwapa wote tamko moja, "kisichokaliwa," na tamko hilo huzika tofauti zao kama kaburi la pamoja lizikavyo majina.

Hapa naingia katika jambo la lugha, ambalo ndilo somo langu, na ambalo naliona kuwa kiini cha shauri lote. Kiswahili kinaposema "kisichokaliwa" hutumia kirejeshi cha kukanusha, na kila mwanafunzi wa sarufi ajua ya kuwa kirejeshi hiki hakichukui alama ya wakati. "Kinachokaliwa" ni sasa, "kilichokaliwa" ni zamani, "kitakachokaliwa" ni baadaye. Lakini "kisichokaliwa" hakina sasa wala zamani wala baadaye. Kimekaa nje ya saa. Tena kitenzi chenyewe kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Basi katika neno moja tumepoteza mambo mawili ambayo tarehe haiwezi kuishi bila yake, yaani wakati na mtu. Neno lisilo na wakati wala mtu lafaa kwa kueleza mawe ya mwezini. Halifai kueleza mahali palipokuwa na moto wa jioni.

Wala si kwamba lugha yetu ni maskini wa maneno mengine. Tuna neno "mahame," na hatukulipata kwa kuazima. Mahame ni mahali palipohamwa, na neno limebeba kitenzi chake mgongoni: atajaye mahame amekwisha kukiri kuwa palikuwa na watu, na kwamba walihama. Hapo hapo msikilizaji hana budi kuuliza: Nani walihama? Lini? Waliondolewa na nini? Mtu wa pwani yetu apitaye katika kuta za Gedi hasemi kuwa amepita mahali pasipokaliwa. Husema amepita katika mahame. Neno "kisichokaliwa" hujibu kabla ya kuulizwa, neno "mahame" huuliza kabla ya kujibu. Mtu wa elimu hapaswi kusitasita katika kuchagua baina ya hayo mawili.

Nimepata kuambiwa na wenzangu wa idara za sayansi kuwa huu ni mchezo wa wanasarufi. Kwamba neno ni neno, na kisiwa hubaki kisiwa hata kikiitwa jina gani. Na kwamba hakuna kondoo aliyepata kufa kwa sababu ya kirejeshi. Jibu langu ni kwamba wapo kondoo waliokufa, na hesabu yao yajulikana.

Katika mwaka 1942 Uingereza ilikuwa katika vita na Ujerumani, na wataalamu wake wa kijeshi wa Porton Down, chini ya uongozi wa mwanabakteria Paul Fildes, walitaka kujua kama ugonjwa wa kimeta waweza kufanywa silaha. Wafugaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Ni maradhi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambayo humwua na mtu pia. Na ubaya wake mkubwa ni kuwa kijidudu chake hujifunga katika ganda gumu, na katika hali hiyo, iitwayo spora, huweza kulala udongoni miongo mingi kikingojea mnyama wa kumwingia. Kwa jaribio hilo walihitaji mahali. Ramani ikawapa Gruinard: kidogo, karibu na bara kwa kufikika, na zaidi ya yote, hakikaliwi. Serikali ikakichukua. Kondoo wapatao 60 wakapelekwa, wakafungwa katika mstari upande uendako upepo, na bomu lililojaa spora za kimeta likalipuliwa kutoka mbali. Kwa muda wa siku chache kondoo wakaanza kufa. Majaribio yakarudiwa hadi mwaka 1943. Picha za sinema zilizopigwa siku zile zilifichwa, na hazikufunguliwa kwa watu mpaka mwaka 1997.

Hapa ndipo penye faida ya lile jambo nililomwomba msomaji alitie akilini. Kisiwa kilichoitwa kitupu kilikuwa kilometa 1 na kitu kutoka pwani yenye wakulima wadogo na mifugo yao. Ramani inajua mpaka wa kukaliwa na kutokaliwa. Upepo haujui, wala maji hayajui. Katika mwaka 1943 mifugo ilikufa kwa kimeta upande wa bara, mkabala wa kisiwa, na wenyewe wakalipwa fidia kimya kimya bila ya kuambiwa kisa chote. Basi hata kama tungekubali, kwa ajili ya kubishana tu, kuwa kisiwa chenyewe kilikuwa kitupu, hatuwezi kukubali kuwa kitendo kilikaa ndani ya utupu huo. Utupu ulikuwa katika karatasi, na ugonjwa haukukaa katika karatasi.

Hoja ya wapinzani wangu walio imara zaidi ni hoja ya vita, nami sitaidharau. Wao husema: Uingereza ilikuwa katika hatari ya kweli, ilihofiwa kuwa adui naye anatengeneza silaha za namna hiyo, mtu hawezi kujikinga na asichokijua, na kama ilikuwa lazima udongo fulani utiwe sumu, ni bora udongo wa kisiwa kisicho na mtu kuliko udongo wa kijiji. Nakiri kuwa vita ilikuwa ya kweli na hofu ilikuwa ya kweli. Nakiri pia kuwa kijiji kingekuwa uovu mkubwa zaidi. Lakini hoja hii ina mapungufu matatu, na kila mwenye kuitumia yampasa ayajibu.

La kwanza, haikuwa kinga peke yake. Katika mpango huo huo wa utafiti zilitengenezwa keki milioni 5 za mbegu za kitani zilizotiwa kimeta, za kuangushwa na ndege katika malisho ya Ujerumani ili ng'ombe wazile wafe, na chakula cha watu kiharibike pamoja nao. Hazikutumiwa, ziliwekwa akiba ya kisasi, na baada ya vita zikateketezwa kwa moto. Atakayesema "kujikinga" na aseme pia keki milioni 5, ili sentensi yake ikamilike.

La pili, uchaguzi baina ya kisiwa na kijiji ni uchaguzi uliofanywa na neno. Waliosema "ama hapa pasipokaliwa, ama pale panapokaliwa" walikuwa wamekwisha kuamua kuwa mahali hapana thamani ila kwa hesabu ya vichwa vilivyopo asubuhi ya leo. Hawakutia katika mizani waliokuwapo, wala watakaokuja, wala ndege, wala udongo wenyewe, ambao hauko mahali pa kujinunulia mwingine. Mtu ambaye nyumba yake imefungwa kwa kuwa yuko safarini hajaruhusu itiwe moto.

La tatu, ambalo ndilo zito, ni kuwa hoja ya vita hufa siku vita inapokwisha. Yaweza kueleza mwaka 1942, na pengine 1943. Haiwezi kueleza 1946, wala 1956, wala 1966, wala 1976. Vita vilikoma, mikataba ikatiwa sahihi, miji iliyobomolewa ikajengwa upya, watoto waliozaliwa siku ya amani wakapata wajukuu. Na Gruinard kilibaki vile vile, pamoja na mabango pwani yakikataza mtu kushuka, na watu wa Porton Down wakija mara kwa mara kuupima udongo na kuondoka. Kwa nini? Sumu ilikuwa ngumu kuondoa, nakubali. Lakini uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa spora zilikuwa katika sehemu ndogo tu ya kisiwa, karibu na pale bomu lilipolipukia. Ingekuwa sehemu ndogo hiyo imo katika kiwanja cha London, je, ingengoja zaidi ya miaka 40? Kilichokifanya kingoje ni kuwa hapakuwa na mkazi wa kupiga kelele. Na mkazi hakuwapo kwa kuwa alikatazwa kuwapo. Neno liliumba hali, kisha hali ikatolewa kuwa ushahidi wa neno.

Tena serikali yenyewe imetuachia maandishi yanayonishuhudia. Mwenye kisiwa alipotaka kurudishiwa milki yake baada ya vita, ilionekana kuwa hakirudishiki, na mwaka 1946 serikali ikakubali kukinunua na kuchukua mzigo wake. Sharti likawekwa kuwa mwenyewe, ama warithi wake, wataweza kukinunua tena kwa pauni 500 siku kitakapotangazwa kuwa chafaa kukaliwa na mwanadamu na mnyama. Naomba msomaji alisome sharti hilo mara ya pili. Kisiwa kilichukuliwa mwaka 1942 kwa kuwa hakikaliwi; mwaka 1946 ahadi ya kukirudisha ikafungwa katika kukalika kwake. Ina maana kuwa waandishi wa sharti walijua fika kuwa kutokaliwa ni ajali, na kukalika ndiyo asili. Walijua kuwa walichokiharibu si kisiwa kitupu, bali ni uwezo wa mahali kupokea watu. Mwanasheria aliiona tofauti ambayo mwanajiografia hakuiona.

Miaka 35 ikapita. Mwezi wa Oktoba 1981 kundi la watu wasiojitaja kwa majina, waliojiita Dark Harvest, yaani mavuno ya giza, lilipeleka ujumbe kwa magazeti likidai kuwa limeshuka kisiwani na kuchukua udongo upatao kilo 140, na kwamba litauacha sehemu mbalimbali mpaka serikali iahidi kukisafisha kisiwa. Kifurushi cha kwanza kilikutwa nje ya Porton Down, nacho kilikuwa na kimeta kweli. Cha pili kiliachwa Blackpool, mahali ambapo chama tawala kilikuwa katika mkutano wake wa mwaka. Hicho hakikuwa na kimeta, ila udongo wake ulifanana na udongo wa Gruinard. Sisifu kitendo hicho. Mwenye kulalamikia sumu hana haki ya kuitembeza miongoni mwa watu wasio na hatia, na wangaliweza kumwua mfagiaji aliyekuja kazini asubuhi. Lakini mtu aweza kulaani tendo na huku akasoma maana yake. Udongo wa mahali ambapo eti hapana mtu ulitiwa katika vifurushi ukapelekwa mlangoni kwa wenye madaraka, na ghafula kisiwa kikawa na habari katika magazeti. Kwa miaka 35 mabango yalisema "usiende kule." Siku moja ikatosha kuonyesha kuwa kule kwaweza kuja huku.

Kazi ya kusafisha ilifanywa mwaka 1986. Tani 280 za fomaldehaidi zilichanganywa na maji ya bahari, zikamiminwa katika udongo, na tabaka la juu la sehemu iliyoathirika zaidi likaondolewa. Kundi la kondoo likawekwa kisiwani, likala nyasi, likabaki na afya. Msomaji ataona kuwa mara ya kwanza kondoo walipelekwa wafe ili watu wajue, na mara ya pili wakapelekwa waishi ili watu waamini. Na mara zote mbili wao ndio waliokuwa wakazi. Tarehe 24 Aprili 1990 naibu waziri wa ulinzi, Michael Neubert, alivuka akaondoa bango la onyo na kutangaza kuwa kisiwa ni salama. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo warithi wakakinunua kwa zile pauni 500. Kutoka bomu la kwanza hadi kuondolewa kwa bango ilipita miaka 48.

Hakuna aliyerudi kukaa. Mwezi wa Machi 2022 moto wa nyikani ulikiunguza kisiwa karibu chote, na watu wa bara wakasimama pwani usiku wakiutazama. Magazeti yalipoeleza habari hiyo hayakukosa kutaja kuwa moto ule haukumdhuru mtu, maana kisiwa hakikaliwi. Nami naona neno limerudi katika kiti chake kana kwamba halikuwahi kuondoka.

Sasa faida ya habari hii kwetu ni nini, sisi tuliokaa mbali na Gruinard na tusio na shamba kule? Faida ni katika kazi yetu ya kila siku, kwa kuwa sisi ni watu wa maneno. Jiografia ya Kiswahili ingali yaandikwa; istilahi zake nyingi zaja kwa tafsiri, na tafsiri nyingi zafanywa kwa haraka. Neno la kigeni likija na upofu wake, nasi tukalipokea bila ya kulifungua macho, tutakuwa tumeingiza upofu katika lugha iliyokuwa ikiona. Sidai kuwa neno "kisichokaliwa" lifutwe. Nadai lisitumiwe peke yake, na lisitumiwe ambapo lipo neno lenye ukweli zaidi. Kisiwa ambacho kwa kadiri ya elimu hakikupata kukaliwa tangu zamani, na kiandikwe "kisichopata kukaliwa." Kilichohamwa na kiandikwe "mahame," pamoja na mwaka. Kilichofungwa kwa amri na kiandikwe "kilichokatazwa," pamoja na jina la aliyekataza. Gruinard kimepita katika hali mbili kati ya hizo: kilikuwa mahame tangu miaka ya 1920, kilikuwa marufuku tangu 1942 hadi 1990, na tangu hapo kimerudi kuwa mahame. Maelezo hayo ni mstari mmoja tu wa kitabu. Hayamzidishii mchapaji gharama, na yanampa mwanafunzi tarehe nzima mahali pa sufuri.

Atakayesema kuwa hili ni jambo dogo namkumbusha St Kilda. Watu wa mwisho waliondoka mwaka 1930; mwaka 1957 jeshi likaingia na kujenga kituo cha kufuatilia makombora. Sisemi kuwa kituo kile kilitenda yale yaliyotendwa Gruinard, hakikutenda. Nasema tu kuwa mahali pakiisha kuandikwa sufuri, ye yote mwenye tarakimu mkononi huona ni halali kuitia pale. Mwenye silaha hutafuta pasipo na mtu, mwenye taka hutafuta pasipo na mtu, na mwenye siri hutafuta pasipo na mtu. Nao wote huanza utafutaji wao katika vitabu vilivyoandikwa na wasomi waliodhani wanaandika habari tu.

Basi mwalimu anapokuta katika daftari la mwanafunzi wake sentensi "hiki ni kisiwa kisichokaliwa," asiweke alama ya kukubali. Aandike pembeni kwa wino mwekundu maswali matatu: tangu lini, kwa sababu gani, na nani asema? Mwanafunzi akiweza kuyajibu, amejifunza jiografia. Asipoweza, amejifunza kunakili. Na kunakili, kama Gruinard kilivyotuonyesha, si kazi isiyo na hatari.